Begi la Watu Arobaini na Tatu

Kabla wifi yangu hajabuni uzi wake, nguo zetu zilikuwa zikitembea kuliko sisi wenyewe. Gauni likitoka dukani kwetu Wete Alhamisi, Jumatatu limesharudi na neno moja tu, "halikunitosha", nawe ukiliinua unakutana na harufu ya biriani ya harusi ya watu. Kuna aliyeturudishia kanga kuukuu za nyanya yake, zimekunjwa vizuri, kibandiko chetu kimepachikwa juu. Kuna mwingine wa Mombasa aliyeturudishia tofali. Tofali! Lilipanda droni, likavuka maji, likapokewa kwa heshima zote, na Gulio likamwamini yeye kwa sababu uzito wa boksi ulikuwa sawasawa.

Gulio ndilo soko letu sote siku hizi. Unga, dawa, betri za taa, vocha ya maji, vyote vinapita humo, na maduka ya mitaani yalikwisha kufa tangu mimi msichana. Mtu aliyefungiwa Gulio anaishi kwa kumwomba jirani amnunulie hata kiberiti. Kwa hiyo ukimwita mnunuzi mwizi, uwe na uhakika, na sisi uhakika hatukuwa nao. Tulikuwa na pua tu.

Mimi naitwa Mize. Mwanakheri binti Shaame ni mke wa kaka yangu, na duka ni letu wawili: yeye anabuni na kushona, mimi nafunga mizigo, natuma, napokea na kugombana. Katika kugombana sijapata mpinzani. Siku ya tofali nilipiga kelele hadi majirani wakaja na maji. Mwanakheri alilichukua lile tofali, akaliegemeza mlango wa uani usipigwe na upepo, akaingia kazini. Alikaa kazini miaka minane.

Uzi wake aliutoa kwenye makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Aliyachemsha, akayavuta nyuzi, akazivika masizi laini yanayopitisha umeme, kisha katika kila nyuzi mia za kitambaa akatia moja ya kwake. Uzi ule ulikuwa na kumbukumbu. Ulishika joto la mwili, chumvi ya jasho, na hata mtikisiko mdogo wa moyo chini ya ngozi. Ukiilaza nguo juu ya ubao wa kusomea, kwanza unapata usomaji wa juu: watu wangapi wameigusa. Ukitaka zaidi unaomba usomaji kamili, dakika kwa dakika, na hapo nguo inasema yote.

Nilimvulia kofia wifi yangu siku tuliyomkamata bibi mmoja wa Tanga. Alikuwa amelivaa gauni letu kwenye harusi huku amejipachika vifuko vya barafu mwili mzima ili uzi usihisi joto. Uzi ukaandika: mvaaji mmoja, muda wa saa nne, anatetemeka. Tulicheka siku tatu. Mnunuzi yule alipoona usomaji akalipia gauni mwenyewe, kimyakimya, na akatuagiza jingine.

*

Begi la Machano Faki lilifika asubuhi ya Jumapili, Mwanakheri akiwa amekwenda Chake kutafuta makonyo. Lilikuwa na nguo saba, na ya saba ilikuwa gauni la zambarau lenye mkono wa kushonwa kwa uzi wa fedha, kazi iliyomchukua wifi yangu wiki mbili. Sababu ya kurejesha: hazikutumika.

Nikazilaza ubaoni moja moja. Ubao ukahesabu, nami nikausogelea nikidhani macho yangu ndiyo mabovu. Watu arobaini na tatu.

Damu ilinipanda. Nilijua habari za magenge ya kukodisha, wanaonunua nguo moja, wanaipitisha kwa watu mtaa mzima, kisha wanaturudishia tuiweke tena rafuni. Sasa genge lilikuwa limefika dukani kwetu, na gauni la fedha ndani yake. Nikafungua ukurasa wa mashitaka bila hata kukaa.

Sheria ya Gulio ni hii: unapomshitaki mnunuzi unaandika na adhabu unayomtakia, na ukishindwa kuthibitisha, adhabu ile ile inakurudia wewe. Iliwekwa ili wauzaji tusishitaki kwa hasira. Mimi nilishitaki kwa hasira. Niliandika afungiwe mwaka mmoja. Kisha nikaomba usomaji kamili, hadharani, kila mstari uonyeshwe ukumbini na ubaki Gulio mtu yeyote auone, maana Baraza la Gulio lilikuwa limetuahidi kwamba uzi wetu ukishinda kesi moja ya namna hiyo, utatiwa katika nguo za kila muuzaji kuanzia Pemba hadi Kigoma. Miaka minane ya Mwanakheri ilikuwa inasubiri kesi moja, nami nilijiona nimempatia.

Aliporudi mchana nilimpokea mlangoni kama niliyefunga goli.

"Wifi, tumempata! Genge zima!"

Aliweka gunia chini, akaitazama orodha ya ubao. "Umeshatuma?"

"Zamani. Afungiwe mwaka, akome."

"Dakika ulizitazama?"

"Dakika za nini tena? Watu arobaini na tatu hawa!"

Alizipapasa zile nguo, akazihesabu, akatazama begi lenyewe, utepe wake mwekundu ungali umefungwa kwenye mshikio. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mize, siku begi lako lilipofunguliwa, tulikuwa wanawake wangapi pale kwenu?"

Nikakaa juu ya gunia la makonyo.

Bwana harusi akipeleka begi, linafunguliwa mbele ya wanawake wa upande wa bi harusi. Kila nguo inainuliwa juu, inapigiwa vigelegele, inapita kwa shangazi, kwa khalati, kwa jirani mwenye ulimi, kila mmoja anaisugua pindo kuona kama mkwe ametoa kitu cha maana. Siku yangu walikuwa zaidi ya hamsini. Mimi, mwanamke wa Wete, niliyefungua mabegi tangu sijui kusuka, nililishika begi mikononi nikaona genge la wezi. Na Mwanakheri, miaka yote minane, alikuwa ameupima uzi wake kwa miili inayovaa. Hakuwahi kukumbuka viganja vya shangazi.

"Basi harusi imevunjika," nikasema. "Begi limerudishwa kwao, naye amelirudisha kwetu. Wallahi nimemwita mwizi mtu aliyeachwa."

"Tusome kamili tuone. Kama ni viganja tu, ubao utamsafisha."

Nguo sita zilikuwa viganja tu, sekunde chache kila mkono. Ya zambarau ilikuwa imevaliwa mara moja, na mtu mmoja, dakika kumi na moja. Bi harusi alikuwa ameijaribu. Gulio linaruhusu kujaribu hadi nusu saa, kwa hiyo Machano Faki alikuwa safi kama maji. Nilishusha pumzi. Nilikuwa tayari nimeanza kuipanga barua ya kumwomba radhi.

Lakini wifi yangu alikuwa bado anatazama mstari wa moyo. Mapigo tisini na nne kwa dakika, moyo wa msichana mwenye wasiwasi. Chini yake ulikwenda mstari wa pili, mwembamba, wa mbio, mia na hamsini na kitu, hauchoki.

"Watu wawili watalivaaje gauni moja?" nikauliza.

Mwanakheri aliufunika ubao kwa kiganja. Yeye ana watoto wanne, mimi nina wawili, na bado ilinichukua muda kuelewa. Bi harusi alikuwa mja mzito.

*

Kesho yake saa mbili asubuhi tulisikia hodi. Mtu mrefu, miaka thelathini hivi, mikono imebabuka kwa chumvi.

"Mie ndiye Machano Faki, wa Konde," akasema. "Fundi wa mitambo ya kuchuja maji ya bahari. Nimekuja juu ya ile kesi."

Nilifungua mdomo nimtake radhi, hakunipa nafasi.

"Bibi zangu, sikuja kubishana. Nifungieni. Nitakubali kosa, nitasema nilikodisha. Mwaka nao ni mwaka, utapita. Ila lile gauni la zambarau, nawaombeni, msiliweke ubaoni. Bi harusi alilijaribu, na uzi wenu nasikia unasoma hata moyo."

"Ukikubali kosa usomaji unafanyika vilevile," Mwanakheri akamwambia. "Tuliuomba hadharani. Hauondoki."

Alisema "tuliuomba", na mimi nilikuwa nimesimama palepale. Nilitazama sakafu.

"Hilo sikulijua," Machano akasema.

"Kwao wanajua nini?"

"Wanajua mie nimegeuka. Nimewaambia moyo wangu umebadilika, sina sababu. Shangazi zake wamenitukana mpaka wamechoka. Begi wakalibwaga barazani kwetu. Mama kila akiliona analia, ndiyo maana nikalirejesha, si kwa jingine."

"Na wewe umejuaje?"

"Aliniambia mwenyewe, kesho ya siku ya begi. Angeweza kunyamaza, Bi Mwanakheri. Zilibaki wiki tatu, nami nisingejua kitu. Akaniambia hawezi kuanza nami kwa uongo." Alizitazama zile nguo mezani, akageuza macho. "Kumuoa sikuweza. Hapo sijisifu. Lakini kumsitiri naweza. Mtu kanipa siri yake kwa mkono wake, niende nikaitandaze ukumbini ili mie nipate kununua sukari?"

Nilikuwa sijamwona mtu wa namna hiyo siku nyingi. Nimekulia miongoni mwa watu wanaojua kusema sitara, sitara, kwenye mawaidha na kwenye kadi za harusi, na mbele yangu alikuwa amekaa fundi wa mabomba anayeilipia. Nami nilikuwa nimemwandikia mwaka.

"Mama yako anatumia dawa?" Mwanakheri akamuuliza.

"Ya presha. Jirani ataniagizia."

"Jirani akisahau?"

Machano akasimama kuaga.

"Nenda nyumbani, baba. Jumatano njoo ukumbini, ukiulizwa useme neno ulilolisema kwanza: hazikutumika. Usiongeze la pili."

Alipoondoka nilimgeukia wifi. "Utafanya nini? Nguo ikisomwa, Machano anaokoka, sisi tunafungiwa, na msichana anaangamia. Konde nzima inajua begi lile lilikwenda nyumba gani. Ukiondoa shitaka, tunafungiwa vilevile, uzi wako unakufa palepale, na usomaji bado hauondoki. Hakuna mlango wa tatu."

"Najua."

"Basi nisomee mpango wako."

"Kafunge mizigo ya Unguja, Mize, droni inakuja saa nne."

Hiyo ndiyo tabia yake inayoniua. Ukimwekea moto anakwambia kafunge mizigo.

*

Jumatano baada ya Alasiri ukumbi wa Gulio ulijaa. Wauzaji walikuja kutoka Mkoani, Kiuyu, hata Unguja, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na tofali lake kifuani. Wengine maelfu walikuwa wanatazama kwenye vioo vyao majumbani. Machano alikaa safu ya mbele, peke yake, viti viwili kila upande vikiwa vitupu. Watu hawapendi kukaa karibu na mwizi.

Mwamuzi wa Gulio hana uso. Ni mtambo, una sauti tu inayotoka ukutani, sauti ya mtu asiyewahi kuchelewa popote. Ulitaja kesi, ukataja jina la duka letu, ukataja adhabu niliyoiandika. Kisha ukaamuru nguo zisomwe.

Sita zikapita. Viganja, viganja, viganja. Wanawake ukumbini wakaanza kunong'onezana, maana walishaanza kulitambua begi. Mimi moyo ulikuwa unanidunda kiasi kwamba kama ningekuwa nimevaa nguo yetu ubao ungelipuka. Mwanakheri alilinyanyua gauni la zambarau, akalikung'uta, akalilaza.

Ubao ukawa mweupe. Haukuandika mvaaji wala mkono. Hata vidole vya Mwanakheri mwenyewe, aliyelishona wiki mbili, havikuwamo. Gauni lilikuwa halijawahi kuguswa na binadamu.

"Kumbukumbu ya nguo hii imefutwa," Mwamuzi ukasema. "Kufuta ushahidi ni kosa. Aliyefuta ajitaje."

Machano alisimama kabla ya wote. "Ni mie. Nililifua kabla sijalirudisha. Nilikodisha na nikalifua."

Ukumbi ukanguruma. Nami nilimwangalia mtu yule akisema uongo ule, sauti imenyooka, mikono yake iliyobabuka imeshika kiti cha mbele, nikaona machozi yananitoka bila kuniomba ruhusa.

"Muongo huyo," Mwanakheri akasema.

Hakupandisha sauti. Watu walinyamaza ili wamsikie.

"Nimelifua mie, leo saa nne, uani kwangu. Ndimu kumi na mbili na konzi mbili za chumvi, unalizamisha nusu saa. Uzi wangu unasahau yote, wala haushiki tena kitu."

Nilishika mdomo. Miaka minane, na ule ndio udhaifu pekee wa uzi ambao hata mimi hakuwahi kuniambia. Sasa alikuwa amewaambia wote, wauzaji waliomo ukumbini na wanunuzi majumbani, kwa vipimo, kama anayefundisha kutia achari. Kuanzia dakika ile kila mwenye ndimu alikuwa ameushinda uzi wa Mwanakheri. Mzee mmoja muuza viatu alishika kichwa akasema, "Ya Rabi, mama huyu anafanya nini?"

"Usomaji kamili ungemtia hatiani mnunuzi, au ungemwachia?" Mwamuzi ukauliza.

"Ungemwachia. Hana kosa. Zile zilikuwa nguo za begi, zikaguswa kama begi linavyoguswa, na tulimshitaki bila kufikiri."

"Basi umefuta ushahidi uliokuwa unakuonyesha umekosea, na umekiri umekosea. Sababu haieleweki. Eleza."

"Katika nguo ile alikuwamo mtu ambaye hakunishitaki wala sikumshitaki. Hakunipa ruhusa nimsikilize moyo wake. Mie nilitaka kujua kama gauni limevaliwa tu. Uzi nikautengeneza ukajua zaidi ya nilichokuwa na haki ya kuuliza, na hilo ni kosa langu, si lake."

"Mtu huyo ni nani?"

"Sisemi."

Sijui kama mtambo ulikuwa unafikiri au unahesabu tu, sikuusubiri. Mimi nikasimama. Nilitaka watu nao wajue.

"Shitaka niliandika mie, Mize. Yeye hakuwapo. Mwaka niliuandika mie kwa kidole changu."

"Shitaka ni la duka," Mwamuzi ukasema. "Duka limefungiwa mwaka mmoja, kununua na kuuza, wote wawili. Ombi la kuutumia uzi kama shahidi limekataliwa. Mnunuzi Machano Faki hana hatia, na asipewe alama yoyote."

Watu walitoka wakitupita kando. Wengine walikuwa wamekasirika kweli, na siwalaumu, walikuja kuchukua silaha wakaondoka mikono mitupu. Ila wanawake kadhaa, watu wazima, walisimama mbele ya Mwanakheri mmoja mmoja, wakamshika mkono kwa mikono miwili, wakaenda zao. Nadhani walikuwa wameshajihesabia wenyewe yale ambayo wifi hakuyataja, na nadhani hawatayataja mpaka wanazikwa.

Machano alisubiri mpaka mwisho.

"Mama yako hajambo?" wifi akamuuliza.

"Hajambo, Bi Mwanakheri."

"Mnunulie dawa yake leo leo. Na sisi ukitununulia kiberiti si vibaya."

*

Alhamisi asubuhi nilikuta jina la duka letu limepigwa mstari kwenye kioo. Chini yake waliandika tarehe ya mwakani. Niliingia uani nikiwa nimejipanga kuomba radhi kwa maneno marefu, nimeyapanga tangu alfajiri, nikamkuta amekaa kwenye kiti chake kifupi na beseni la makonyo, anasokota.

"Wifi, ule mwaka..."

"Naujua mwandiko wako wa hasira. Kaa, shika huu upande."

Nikakaa, nikashika. Nilitaka nimwambie kwamba nimeishi naye miaka kumi na saba na bado sikuwa namjua, kwamba nilikuwa namhesabu mtu mpole kumbe ni mtu jasiri. Nikamwambia. Alicheka, akasema niache kuuvuta uzi, nitaukata.

"Tutauzia wapi sasa?"

"Milangoni. Bibi yangu aliuza Wete nzima kwa miguu."

Nikauangalia uzi vidoleni mwangu. Ulikuwa wa rangi ya karafuu, hauna masizi, haung'ai.

"Huu mbona hujautia kitu?"

"Huu haukumbuki."

"Basi watatuibia, wifi. Mwakani tukifunguliwa tu, tofali na biriani vitarudi palepale."

"Watatuibia nguo tu, moyo wa mtu haumo," akasema, akanisogezea beseni.